Shambulio Tu

Mimi nafuma sweta za shule. Nina mashine mbili katika kibanda cha mabati hapa Manyatta, na kila likizo ikikaribia kwisha, shule za karibu huniletea vipimo vya watoto wao. Nilizaliwa Muthara, kule Tigania, nikaolewa huku Embu, na miaka yote hiyo shemeji zangu hunitania kwamba Mmeru akikasirika hata kuku hutafuta pa kujificha. Sibishani nao. Hasira ninayo, na humu nitaitumia yote, maana kila ofisi niliyoingia niliambiwa niipunguze.

Mwanzoni mwa muhula nilipeleka gunia la sweta katika shule moja ya kibinafsi isiyo mbali na duka langu. Uwanjani kulikuwa na mwanamume amechuchumaa, anasugua tairi za gari la shule kwa brashi. Aliposikia hatua zangu akainuka, akajifuta mikono kwenye suruali, akanisalimia kwa Kimeru. Akauliza habari za nyumbani. Akaniita dada.

Nilijibu. Hilo linaniuma mpaka leo, kwamba mdomo wangu ulijibu salamu yake kabla sijaweza kuuzuia.

Mtu huyo ndiye aliyemnajisi binti wa kaka yangu. Mtoto alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mwanamume huyo alikuwa na tuktuk pale Muthara, akibeba watoto wa shule asubuhi na jioni kwa niaba ya wazazi wanaowahi sokoni au wanaochuma miraa kabla jua halijapanda. Watu walimsifu kwamba hachelewi. Na sasa alikuwa hapa, amevaa koti la buluu la dereva, na binti huyo huyo, ambaye kaka yangu alinipa nimlee ili awe mbali na maneno ya kijiji, alikuwa ndani ya darasa hatua chache kutoka tulipokuwa tumesimama.

Nirudi nyuma kidogo, ili ieleweke jinsi mtu wa namna hiyo anavyopewa ufunguo wa gari la watoto.

Mambo yalipotokea, kaka yangu alifanya yote yanayopaswa kufanywa. Hakumwogesha mtoto. Alimpeleka hospitali, akaenda polisi, fomu ikajazwa, mtu akakamatwa. Shtaka lilikuwa unajisi. Nilisafiri kutoka Embu kwenda kukaa na wifi yangu, na nilikuwepo mwendesha mashtaka alipotukalisha kwenye benchi nje ya korti na kutueleza. Alisema sheria huyapanga makosa haya kwa majina yake na kwa umri wa aliyetendewa. Ubakaji una mahali pake, unajisi una mahali pake, jaribio lina mahali pake, na kitendo cha aibu kina pake. Kwa mtoto wa umri wa huyu wetu, akasema, mtu akipatikana na hatia hukumu ni kifungo cha maisha. Halafu kuna rejista. Aliyehukumiwa kwa kosa la ngono jina lake huandikwa humo, na akienda kuomba kazi inayomweka karibu na watoto ni lazima aseme alichofanya. Akinyamaza, kunyamaza kwenyewe ni kosa jingine.

Wifi yangu alishika lile la kifungo. Mimi nilishika la rejista. Niliwaza hivi: jela watu hutoka, rufaa zipo, msamaha upo, lakini jina likishaandikwa, mama yeyote mahali popote atakuwa na pa kuuliza. Nilirudi Embu na wazo hilo, nikalala usingizi.

Nilichosahau ni watu wa gichiaro.

Asiyetoka kwetu huenda hajui. Kuna koo ambazo zamani zilikula kiapo cha undugu na ukoo wetu, na mtu wa ukoo kama huo akikuomba kitu, humnyimi. Akikuuliza jambo, humdanganyi. Ukimkatalia, laana haikushiki wewe peke yako, inapita kwa watoto na mifugo. Nimewaona wanaume ambao hawaogopi bunduki wakitoa kitu walichokuwa wamekishika kwa meno, kwa sababu tu mtu wa gichiaro amesimama mlangoni na kusema naomba. Kaka yangu ni mtu wa kanisa, mzee wa kanisa kabisa, na bado analiogopa jambo hilo kuliko anavyomwogopa askofu.

Basi familia ya yule dereva, nao ni wa ukoo wetu, wakawatafuta watu hao. Wazee wa ukoo wa gichiaro wakaja kwa kaka yangu asubuhi kweupe, wakakataa viti, wakakataa chai, wakasema hawatakaa mpaka wapewe walichokuja kuomba. Walichoomba ni kwamba mtoto asisimame kortini. Wakatoa na ahadi: yule mtu angehama Tigania na asikanyage tena ardhi ya ukoo. Kwa wazee hiyo ni adhabu kubwa, mtu kung'olewa kwao. Kaka yangu alilia mbele yao. Kisha akasema wamepewa.

Nilipopata habari nilimpigia simu nikamtukana mpaka salio likaisha. Watu hawa hawadanganywi, nilimwambia. Ungewaomba waende kwa yule mnyama wamwulize amefanya nini, angelazimika kusema kweli yote. Chombo kile kile kimetumika kumfunga mtoto mdomo, na hakuna aliyefikiria kukitumia kumfungua yeye. Simu ilipokatika kaka yangu alinipigia yeye. Akasema, "Dada, waliokuja ndio waliotumwa. Mimi sikuwatuma."

Najua sheria hairuhusu mapatano kwenye kesi za ngono. Hata yule mwendesha mashtaka alituonya siku ile ya benchi. Lakini hakuna aliyepatana kortini. Walipatana uani kwa kaka yangu, na kortini mashahidi wakakosa tu. Mama mgonjwa. Baba amesafiri. Mtoto hajulikani alipo, kumbe yuko kwa bibi yake anamenya viazi. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, mpaka shtaka la unajisi likaondolewa kwa kukosa ushahidi. Kilichobaki ni karatasi ya daktari iliyotaja michubuko mikononi, na kwa michubuko hiyo wakamfungulia shtaka la kushambulia na kuumiza mwili. Akakubali kosa siku hiyo hiyo, haraka, kama mtu aliyepewa punguzo dukani. Akapata kifungo cha nje. Alifagia uwanja wa chifu, watu wakimpita na kumsalimia, na alipomaliza kufagia akahama kama wazee walivyosema.

Mtoto naye akahamishwa. Kijiji kikawa safi. Hawakufikiria kwamba nje ya mpaka wa ukoo kuna watu na watu hao wana watoto. Na mtu wa kwetu akitoka nyumbani kutafuta riziki, anateremka wapi kama si Meru mjini au huku Embu?

Siku ile ya sweta niliziacha chini nikaingia moja kwa moja kwa mwalimu mkuu. Si mtu mbaya. Tumefanya kazi pamoja muda mrefu na hulipa bila kusumbua. Nilimwambia dereva wake mpya alikamatwa kwetu kwa kumharibu mtoto. Alifunga mlango. Akaniuliza kama alihukumiwa. Nikasema alihukumiwa. "Kwa unajisi?" Hapo nikababaika. Akasema, kwa upole, "Mama, wewe na mimi ni marafiki. Lakini hili ni neno zito la kumtupia mtu. Niletee kitu cha mahakama, jioni hiyo hiyo atatoka."

Nilipofika nyumbani nilimkuta binti akichambua mboga. Nilikuwa njiani nimepanga jinsi ya kumwambia polepole. Hakunipa nafasi. Alinitazama usoni akasema, "Umemwona."

"Wewe ulimwona lini?"

"Tangu shule ifunguliwe."

"Na hukuniambia?"

"Ungepiga kelele, anti. Halafu wote wangejua ni mimi."

Nilitamani kupiga kelele hapo hapo. Nilichukua kisu nikamsaidia mboga. Ana miaka kumi na mitatu sasa, ana mabega membamba, na wiki hiyo yote alikuwa akienda shuleni na kurudi akiwa amebeba jambo hilo peke yake, anakula, anaosha vyombo, ananiambia hesabu zilikuwa ngumu.

Nilimzuia nyumbani kesho yake, nikapanda gari kwenda Meru. Katika masijala ya korti nilihudumiwa na karani mwanamke, wa rika langu, miwani imening'inia kifuani. Nilimweleza kila kitu bila kupumua. Alisikiliza. Akaenda akatafuta, akarudi na faili, akalifungua mbele yangu. Nikamwomba kitu kimoja tu, anionyeshe kwamba mtu huyu yuko kwenye rejista ya wahalifu wa ngono, au kama hayupo, aandikwe.

"Hayupo," alisema. "Na hawezi kuandikwa."

"Kwa nini?"

"Rejista ile inaangalia kosa ulilohukumiwa nalo. Haiangalii ulichofanya." Alisema hivyo kisha akavua miwani akaifuta, nafikiri alijisikia vibaya. "Shambulio liko katika sheria nyingine kabisa. Huyu, kwa macho ya mahakama, ni mtu aliyempiga mtu."

"Alimpiga mtoto wa miaka kumi na mmoja. Alimpiga wapi? Kwa nini? Hapo hapajaandikwa?"

"Umri wa mlalamishi uko. Lakini kosa halipangwi kwa umri likiwa shambulio. Kwa unajisi, ndiyo. Kwa shambulio, mtoto na mtu mzima ni sawa."

Nilimwuliza kama kesi ile ya kwanza inaweza kufufuliwa. Akasema shtaka lililoondolewa namna ile huweza kurudishwa, si kwamba limekufa, lakini hakuna atakayelirudisha bila mashahidi. Mtoto aje aseme. Wazazi waje waseme. Na mtetezi wake atauliza mlikuwa wapi siku zile zote. Kisha akanipa nakala ya hukumu yenye muhuri, akaniambia pole, mama. Nilisimama nje kwenye ngazi za korti nikiwa na karatasi hiyo, nikaona nilichosafiri kutafuta kimegeuka kuwa utetezi wake.

Nilimpigia kaka yangu nikiwa bado pale. Nilimwambia mtu yuko huku, anabeba watoto tena, na kwamba yeye na wifi wakikubali kusema, mlango haujafungwa. Nilimsikia akihema. Nilijua yuko shambani kwa sababu upepo ulikuwa ukipita kwenye simu.

"Nilisema wamepewa," alisema.

"Ulisema ukiwa umebanwa."

"Nilisema. Nikirudi nyuma sasa, na mdogo wa binti yangu akaugua hata homa tu, mama yake atanitazama vipi? Wewe uliolewa huko, dada. Sisi tunaishi hapa."

Nilimwambia kwamba anayeugua tayari yuko, yuko nyumbani kwangu, nikamwuliza ni laana gani nyingine anayoingoja. Hakukata simu. Angekata ningeona nafuu. Mwisho nilikata mimi.

Mwalimu mkuu aliisoma nakala mara mbili. Nilimwona akitulia kadiri alivyosoma, mabega yakishuka, na nikajua nimeshindwa kabla hajafungua mdomo.

"Shambulio tu," alisema. "Mama, hii ni kupigana. Nani katika wanaume wa hapa hajawahi kurusha ngumi?"

Ndipo nikatoa nilichokuwa nimeapa sitakitoa. Nilimwambia aliyeshambuliwa ni nani na anakaa dawati gani. Nilimwambia yote yaliyokuwa kwenye shtaka la kwanza, kwa sauti ya chini, nikiwa nimekazia macho kalenda iliyokuwa ukutani nyuma ya kichwa chake. Alionekana kuumia kweli. Aliniuliza kama mtoto amepata wa kuzungumza naye. Kisha akaanza kuzunguka kwa maneno, na nilimwacha azunguke kwa sababu nilitaka kuona atafika wapi. Akasema shule haina uwezo wa kumfukuza mtu kwa kosa ambalo mahakama haikumpata nalo. Akasema mtu huyo ana cheti chake cha polisi, kosa lake limeandikwa na hakulificha. Akasema wenye shule watamwuliza ameamua kwa msingi gani. Mwisho akafika.

"Kwa ajili ya mtoto," alisema, "mimi ningekushauri umtafutie shule nyingine. Hapa atakuwa anamwona kila siku. Si vizuri kwake."

Nilimwambia anirudishie sweta zangu. Alidhani natania. Nilitoka ofisini nikaenda stoo nikazibeba mwenyewe, gunia zima, sweta za watoto wa watu, na nilipopita uwanjani yule mtu alisogea kunisaidia kubeba. Nilimwambia kwa Kimeru akinigusa nitamng'ata. Walimu waliokuwa kwenye kivuli waliangaliana. Nadhani siku hiyo ndiyo habari ilipoenea kwamba mama wa sweta ana wazimu, na baadaye nilipojaribu kuwaonya wazazi wawili watatu walioleta nguo zao, walinisikiliza wakiwa wamekwisha kuamua. Mmoja aliniuliza kesi yenyewe ilikuwa ya nini. Nilisema shambulio, maana sikuweza kumtaja tena mtoto wangu. Akasema, "Aa," akachukua sweta yake.

Binti tulimhamishia shule ya serikali, mwendo wa nusu saa kwa mguu. Mume wangu, ambaye ni mtu wa maneno machache, alimnunulia viatu vipya. Binti hakulalamika. Alipata marafiki. Nilianza kujidanganya kwamba angalau yeye tumemtoa, na hao wengine wana mama zao. Ni wazo baya, nalijua. Nililishika kwa sababu nilikuwa nimechoka na halikunidai kitu.

Kitu kimoja tu hakikueleweka. Barua ya shule ilikuja ikisema anachelewa karibu kila siku, na nyumbani alikuwa akitoka mapema kuliko sisi sote, hata chai hanywi. Nilimwuliza, akasema njia ina matope. Kisha mwanamke mmoja anayeuza mandazi pale njia panda aliingia dukani kurekebisha sweta, akanisifia. Akasema binti yangu amelelewa, siku hizi ni wachache, kila asubuhi yuko pale na watoto wadogo wanaongoja gari la shule. Nilimwuliza gari gani. Akanijibu huku akicheka, gari si ni lile moja tu.

Kesho yake nilimfuata. Nilisimama nyuma ya kibanda cha mandazi. Watoto walikuwa wamekusanyika kandokando ya barabara, wadogo wa chekechea na wa darasa la kwanza, mikoba imewazidi migongo, na yeye katikati yao ameinama, anazungumza na kila mmoja kwa zamu, anawafunga vifungo vya makoti. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia.

"Mnakaa nyuma, wote. Kile kiti cha mbele akikuambia njoo, unasema mama amekataa. Jioni nani anashuka mwisho?"

Msichana mmoja aliinua mkono.

"Wewe unashuka na huyu, kwao. Unangoja hapo mama yako akuchukue. Nimemwambia mama yake. Usikubali kubaki wa mwisho, umesikia? Hata kama mvua inanyesha. Hata akisema atakununulia kitu."

Gari likaja. Yule mtu alimwona. Alimwona vizuri, kioo kilikuwa wazi, na binti hakuondoka, alisimama mlangoni akawahesabu wakiingia mpaka mlango ukafungwa. Gari lilipokata kona alikaa chini kwenye jiwe, akaweka kichwa magotini.

Nikamfuata. Hakushtuka. Nilimwuliza nani alimfundisha kuwaambia watoto neno lile, la kubaki wa mwisho, la mvua. Polisi hawakuwa nalo. Daktari hakuwa nalo. Katika lile faili la Meru halikuwepo popote, na sisi wenyewe, wazazi na shangazi, tulikuwa tumemwuliza mambo mengi sana lakini si hilo.

"Mimi nilikuwa nashuka wa mwisho," alisema.

Nilimwinua nikamkumbatia pale barabarani. Nilimwambia yatosha, hii si kazi yake, ni ya watu wazima. Akaniuliza, si kwa ubishi, alitaka tu kujua, "Mtu mzima gani?"

Nilifikiria mmoja mmoja. Karani, na mwendesha mashtaka, na mwalimu mkuu, na kaka yangu shambani, na mimi na mashine zangu mbili. Binti akapangusa sketi yake akasema amechelewa, na akaondoka mbio kuelekea shuleni.

Asubuhi iliyofuata alitoka tena kabla ya chai. Nilisikia mlango. Nilibaki kitandani na sikumzuia.